Mzabuni anasema tovuti "imeboreshwa": tutajuaje kama ni kweli?

Swali

Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni afisa TEHAMA wa SACCOS moja mkoani Morogoro. Wanachama wetu wengi ni walimu na wauguzi. Mwaka jana tulimpa mzabuni kazi ya kututengenezea tovuti ambayo mwanachama anaweza kuangalia salio na kuomba mkopo bila kuja ofisini. Foleni haijapungua, na mwanachama wetu mmoja asiyeona ametuambia hawezi kuomba mkopo mpaka mtoto wake amshikie simu. Sasa mzabuni ameleta ripoti kwamba tovuti "imeboreshwa na ni rafiki kwa watumiaji wote", pamoja na alama 96 kati ya 100 za ufikivu (yaani watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, kuweza kuitumia) zilizotolewa na programu ya ukaguzi. Bodi inataka kumlipa awamu ya mwisho. Nina mashaka, ila sina hoja ya kuisimamia mbele ya bodi. Nianzie wapi?

Jibu

Ndugu yangu, ishauri bodi isubiri. Hoja unayo tayari, na umeitaja mwenyewe: kuna mwanachama anayelazimika kumpa mtoto wake simu, nywila na habari za madeni yake ili apate mkopo ambao ni haki yake. Alama 96 inaweza kuwa ya kweli, na mwanachama huyo naye akawa anasema kweli, kwa sababu vimepimwa vitu viwili tofauti. Programu imekagua msimbo wa ukurasa, yaani maagizo ya kompyuta yanayoujenga. Yeye amejaribu kumaliza shughuli. Ninyi mlijenga tovuti kwa ajili ya shughuli, kwa hiyo lengo lenu lihesabu shughuli zilizomalizika, na liseme zimemalizwa na nani.

Programu za ukaguzi siziwekei kinyongo. Axe, WAVE na Lighthouse zinapatikana bure, na kwa dakika chache zinakuonyesha picha zisizo na maelezo, maandishi yaliyofifia na visanduku vya fomu visivyo na lebo. Makosa ya aina hiyo yamejaa kila mahali. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1, na mwaka 2025 kurasa asilimia 94.8 zilikutwa na angalau kosa moja la ufikivu, asilimia 79.1 zilikuwa na maandishi yaliyofifia kupita kiasi. Kwa hiyo endesha programu hizo, na umdai mzabuni arekebishe kila kinachoonekana. Lakini ujue uwezo wa programu hizo unaishia wapi. Programu inaona kwamba kitufe kina jina, haijui kama jina hilo linamsaidia mtu. Picha iliyoelezwa kwa neno "picha1" inapita bila tatizo. Mwaka 2019 mtengeneza tovuti wa Austria, Manuel Matuzović, alijenga kwa makusudi ukurasa usioweza kutumiwa kwa kibodi, kwa kipanya wala kwa programu ya kusoma skrini (inayomsomea asiyeona kwa sauti), na Lighthouse ikaupa alama 100 kati ya 100.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Maneno "rafiki kwa watumiaji wote" hayawezi kushindwa mtihani, kwa sababu hayana mtihani. Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa 2018, kinaeleza urahisi wa matumizi kwa mambo matatu: mtu afanikishe alichokusudia, atumie muda na nguvu kiasi gani, na aridhike kiasi gani. Watu wengi huyakariri hayo matatu na kuruka masharti yake, nayo ndiyo yenye uzito: ni watumiaji gani, wanataka kufanya nini, katika mazingira gani. Mwalimu wa Kilosa mwenye simu ya bei nafuu, bando la siku na jua la saa saba mchana ana mazingira yake. Mzabuni mwenye kompyuta mpya na intaneti ya ofisini ana yake. Tovuti ikiwa nyepesi kwa huyu wa pili, bado hujajua lolote kuhusu wa kwanza.

Usianze kupima tovuti nzima. Kaa na mhudumu wa dirishani wiki moja, na kila mwanachama anapohudumiwa andikeni alichokuja kutafuta. Kwa SACCOS orodha hii huwa fupi: kujua salio, mkopo wa dharura, taarifa ya akiba, kubadilisha namba ya simu, kujua ombi la mkopo limefika wapi. Chagua matatu yanayowaleta watu wengi zaidi. Hayo ndiyo mtakayoyapima, mengine yasubiri.

Kisha andika lengo kwa namna ambayo mtu asiyewajua kabisa anaweza kulipima na kupata jibu la ndiyo au hapana. Kwa mfano:

"Kufikia tarehe 30 Juni, kati ya wanachama 20 ambao hawajawahi kutumia tovuti hii, kila mmoja akiwa na simu yake, wasiopungua 17 watume ombi la mkopo wa dharura bila kumuuliza mtu, na angalau nusu ya wote wamalize ndani ya dakika 8."

Na pembeni yake lengo la pili, linalosimama peke yake:

"Wanachama 5 wasioona au wenye uoni hafifu, wakitumia simu zao na mipangilio yao ya kawaida, wote 5 watume ombi hilohilo wenyewe, bila mtu mwingine kugusa simu."

Namba 17 na 8 nimezitoa kama mfano; zenu zitatokana na hali mtakayoikuta. Ninachosisitiza ni hilo lengo la pili. Tuseme mnapima watu 100, na 5 kati yao hawaoni. Wale 95 wakimaliza wote na hawa 5 wakashindwa wote, ripoti itasoma asilimia 95 na bodi itapiga makofi. Wastani umewafuta watu watano, na kila aliyeandaa ripoti amesema ukweli. Ndiyo maana nasema matokeo ya watu wenye ulemavu yaandikwe kwenye mstari wake kila mara, hata kama ni wachache. Hasa kama ni wachache. Na kwao nataka wote watano, kwa sababu anayeshindwa katika kundi hilo mara nyingi ameshindwa kwa kosa moja mahususi ndani ya msimbo, kosa linaloweza kutafutwa na kurekebishwa. Muda ndio usiulinganishe. Mtu anayesikiliza fomu kwa TalkBack, programu ya kusoma skrini ya simu za Android, atatumia muda mrefu kuliko anayeitazama, na si kosa lake. Mwekee muda wake, ukitokana na vipimo vyake mwenyewe.

Kabla mzabuni hajagusa chochote, pima hali ilivyo leo. Bila namba ya mwanzo, neno "imeboreshwa" halina maana. Kuna kanuni maarufu ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, kwamba kuwatazama watu 5 kunaibua sehemu kubwa ya matatizo, na ni kweli inafanya kazi: ukitazama watano utajaza daftari. Lakini kanuni hiyo ni ya kutafuta matatizo, haikusudiwi kutoa asilimia. Wanne kati ya watano wakifaulu, usiiambie bodi "asilimia 80". Kwa hesabu za takwimu, kiwango halisi kwa wanachama wote kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 36 na 98, yaani hujui. Wakifaulu 16 kati ya 20, asilimia ni ileile 80, ila sasa nafasi imebanwa kati ya 58 na 92 hivi. Kwa hiyo fanya raundi za watu watano watano wakati wa kurekebisha, na raundi ya watu 20 pale mnapotaka namba ya kufanyia uamuzi.

Namna ya kuwatazama ina adabu yake. Wengi wa wanachama wenu ni watu wazima kuliko wewe. Mwalimu mkuu wa miaka 57 aliyekwama mbele ya kijana wa TEHAMA ataona aibu, na atakwambia tatizo ni macho yake au simu yake. Mwambie mapema, na urudie, kwamba inayopimwa ni tovuti. Mpe akaunti ya majaribio yenye fedha za kubuni, ili asifungue madeni yake mbele yako. Mpe shughuli kwa maneno ya kawaida ("Mtoto amerudishwa ada, unahitaji laki tatu leo") na usitumie maneno yaliyoandikwa kwenye vitufe, maana utakuwa umemwonyesha njia. Kisha nyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu. Akikuuliza "hapa nabonyeza wapi?", andika kwamba ameuliza, na hilo tayari si "bila kumuuliza mtu".

Na usijenge lengo juu ya swali la "umeionaje tovuti yetu?". Kwetu sisi mtu hamkatishi mwenyeji moyo. Utajibiwa "nzuri tu, mwanangu, hongereni", na ombi lake halijatumwa. Amini ulichokiona akifanya. Ukitaka kipimo cha kuridhika, tumia dodoso la SUS (System Usability Scale) lililotungwa na John Brooke mwaka 1986 akiwa kampuni ya Digital Equipment nchini Uingereza. Lina kauli 10, nusu zinasifu na nusu zinalaumu kwa kupishana, na mtu anachagua 1 hadi 5. Kwa kauli zenye namba witiri unatoa 1 kwenye alama aliyochagua. Kwa namba shufwa unatoa alama yake kwenye 5. Unajumlisha na kuzidisha kwa 2.5. Matokeo ni kati ya 0 na 100, na wastani unaotajwa kwa tovuti na programu nyingi ni 68. Alama hiyo si asilimia, usiisome hivyo. Lijazwe mara tu baada ya shughuli, na karatasi asiipokee yule aliyetengeneza tovuti.

Kuna namba nyingine ambazo tovuti inazo tayari. Mwambie mzabuni akupe, kwa mwezi uliopita, ni watu wangapi walifungua fomu ya mkopo, wangapi walifika kila hatua, na wangapi walituma. Serikali ya Uingereza huzitaka huduma zake za mtandaoni zipime kiwango hicho cha kumaliza, pamoja na kuridhika kwa watumiaji, gharama kwa kila muamala na idadi ya wanaochagua njia ya mtandao. Fomu za mikopo ya SACCOS nazijua kidogo, na ningetazama kwanza hatua ya wadhamini. Fomu inadai namba za uanachama za wadhamini wawili. Nani anazo kichwani? Mwanachama anatoka kwenye kivinjari, anampigia mwenzake, mwenzake yuko darasani, anasubiri. Akirudi, tovuti imemtoa na alichojaza chote kimepotea. Kwenye takwimu mtaona tu kwamba watu "wameacha" hapo. Mkiishia kwenye namba mtadhani hawataki mkopo.

Hapo ndipo vigezo vya ufikivu vinaposaidia watu wote. Mwongozo unaotumika duniani ni WCAG wa W3C, taasisi ya kimataifa inayoweka viwango vya mtandao, toleo la 2.2 la Oktoba 2023, wenye ngazi tatu: A, AA na AAA. Lenga AA, ambayo pamoja na A ni vigezo 55. Vingi vina namba ndani yake, kwa hiyo ni malengo yaliyokwisha kuandikwa. Kuhusu huyo aliyetolewa katikati ya fomu, kigezo 2.2.1 kinataka, pale tovuti inapoweka ukomo wa muda unaoweza kuongezwa, mtu aonywe kabla haujaisha na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo rahisi. Kigezo 3.3.7 kinakataza kumdai mtu aandike tena alichokwisha kuandika katika shughuli ileile. Mimi ningeongeza kwenye mkataba kwamba fomu ihifadhi rasimu yenyewe, ingawa mwongozo haudai hivyo katika ngazi ya AA.

Kosa jingine nakuomba ulikague leo hii, kwa sababu tovuti nyingi za Kiswahili zinalo na hakuna anayeliona kwa macho. Fungua msimbo wa ukurasa, tazama mstari wa juu unaotaja lugha. Ukikuta "en" wakati ukurasa ni wa Kiswahili, umepata sababu mojawapo ya mateso ya mwanachama wenu. Programu ya kusoma skrini hufuata tangazo hilo na kuyasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, mpaka "mdhamini" na "kiasi" vinakuwa kelele tupu. Andika "sw". Ni herufi mbili, na ni sharti la ngazi A. Kisha sikiliza mwenyewe: washa TalkBack kwenye simu ya Android, au weka NVDA, programu ya kusoma skrini ya kompyuta, ambayo ni ya bure na ina sauti ya Kiswahili kupitia programu ya sauti ya eSpeak NG. Funga macho, jaribu kuomba mkopo. Ukisikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila jina, andika ni ukurasa gani. Ila jaribio lako halichukui nafasi ya mtu anayeishi na programu hiyo kila siku; wewe utakwama kwa ugeni, yeye atakwama kwa kosa halisi, na ni muhimu kuvitenganisha.

Kwa rangi, maandishi ya kawaida yanatakiwa kuwa na uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Kile kijivu cha kupendeza chenye msimbo #999999 juu ya nyeupe kina 2.85 tu. Kijivu #767676 kinapita, kwa 4.54. Tofauti hiyo anaiona mzee mwenye mtoto wa jicho, na anaiona pia muuguzi aliyesimama kituoni juani. Vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24. Mimi napendelea 44, ambayo ni ngazi ya juu zaidi. Ujumbe wa kosa ueleze kosa liko wapi na lirekebishweje. "Taarifa si sahihi" haimfikishi mtu popote. Na kama mnathibitisha watu kwa kuwapigia simu tu, wanachama viziwi mmewafungia nje. Ujumbe mfupi uwepo kama njia kamili.

Kasi nitaipitia haraka kwa sababu namba zake zinajulikana: Google hupendekeza sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, kwa angalau robo tatu ya watembeleaji. Ongezeni ukomo wa uzito. Ukurasa wa mkopo ukipita KB 500, mzabuni aeleze kwa nini, maana bando analilipia mwanachama.

Jihadhari na kitu kimoja kuhusu malengo yote haya. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart aliona mwaka 1975 kwamba kipimo kikishafanywa chombo cha kuongozea watu, huanza kupoteza ukweli wake. Ukimwambia mzabuni apunguze simu zinazopigwa dawatini, njia rahisi kuliko zote ni kuificha namba ya simu. Ukitaka kiwango cha kumaliza fomu kipande, anaweza kuificha fomu ili waifikie wenye nia kali tu. Kwa hiyo kila namba ipewe mlinzi wake. Simu zipungue, na wakati huohuo maombi yaliyotumwa yaongezeke. Muda wa kujaza upungue, na maombi yanayorudishwa na afisa mikopo kwa kukosa taarifa yasiongezeke. Namba ya pili ikiharibika, ya kwanza haihesabiki.

Bodi itakuuliza kama hili ni lazima au ni hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja teknolojia ya habari na mawasiliano, pamoja na intaneti. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Jirani zetu Kenya wamefika mbali zaidi kwa upande wa vipimo: tangu 2022 wana kiwango cha taifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, KS 2952, na unaweza kukitumia kama rejea kwenye zabuni. Lakini mbele ya bodi ningetanguliza jambo jingine. Mwanachama huyu amenunua hisa kama wao na analipa akiba kila mwezi kama wao.

Watu wa kupima nao watafute kwanza miongoni mwa wanachama wenyewe. Wakiwa hawatoshi, zungumza na Chama cha Wasioona Tanzania, na kwa viziwi CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Walipe nauli na muda wao, kama mnavyomlipa fundi yeyote, kwa sababu wanachokupa ni utaalamu.

Kuhusu malipo, pendekeza awamu ya mwisho igawanywe mara mbili: nusu ilipwe makosa yote yanayoonekana na programu za ukaguzi yakiisha na vigezo vya AA vikithibitishwa kwenye kurasa za zile shughuli tatu, nusu ya pili malengo mawili ya watu yakifikiwa, mkipima ninyi na si yeye. Mzabuni anayejiamini atakubali. Asipokubali, bodi itakuwa imepata taarifa muhimu kabla ya kuandika hundi. Baada ya hapo rudieni kupima kila robo mwaka, na kila fomu inapobadilishwa hata kwa kisanduku kimoja, kwa sababu visanduku vinavyoongezwa kwa haraka ndivyo mara nyingi vinavyosahauliwa kuwekewa lebo.